Tumefaulu Kipimo

Tarehe 9 Februari

Mwanangu mpendwa,

Pokea salamu za mama yako, salamu za kujaza kapu. Hapa nyumbani sote wazima, wasiwasi wetu ni kwako wewe uliye mbali. Shangazi yako mzima, na mdomo wake mzima zaidi. Jana aligombana na muuza mkaa mpaka mwenyewe akabeba gunia lake akaondoka bila kuaga. Dada yako mzima, bado anafanya usafi kule shuleni, mgongo unamsumbua lakini kucheka anacheka. Mwanawe, Chechele wetu, hajambo, amepanda darasa, ila juzi karudi nyumbani amevaa viatu vya mwenzake na hakujua mpaka alipofika mlangoni. Cherehani langu nalo zima, nimelitia mafuta. Hata paka anakusalimu, shangazi yako kasema nikimruka atanuna. Umebaki wewe tu. Nikijua u mzima, chakula kitapita kooni.

Nakuandikia badala ya kupiga kwa sababu unaijua simu ya shangazi yako. Haisikiki mpaka aweke sauti ya juu, na akiweka sauti ya juu anasikia mpaka fundi viatu wa ng'ambo ya barabara. Mengine ni ya mama na mwana.

Sasa jambo lenyewe. Watu wa afya walikuja mtaani, wakaweka meza karibu na bomba la maji, wanapima sukari watu wazima. Mimi napita zangu na ndoo. Binti mmoja muuguzi akaniita, "Mama, njoo nikutoboe kidole, hakiumi." Nikamwambia mimi sindano zinanitoboa tangu wewe hujazaliwa. Tukacheka. Akaniuliza umri, akanizungushia futi kiunoni kama nashonesha gauni, akauliza kwetu nani aliugua kisukari. Nikasema mume wangu, lakini mume si damu yangu. Akaniuliza, "Ulizaa naye?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi watoto ni damu yake." Neno hilo limenikaa kifuani halitoki.

Kale kamashine kakatoa kumi na mbili na kitu. Binti akaacha kucheka. Akasema, "Mama, hii peke yake haitoshi kusema unaumwa, inatushtua tu. Njoo kituoni wiki ijayo, asubuhi, usile kitu wala usinywe chai, maji matupu. Tutatoa damu ya mkononi tupime vizuri."

Unanijua mimi na mtihani. Nilitolewa shule darasa la nne, lakini hakuna mtihani niliofanya nikaanguka. Basi nikajiandaa. Wiki nzima sikugusa sukari, sikugusa mkate, sikugusa wali. Nilikula matango na mboga kama mbuzi. Nilitembea mpaka sokoni na kurudi hata kama sina cha kununua. Shangazi yako akawa ananiuliza, "Wifi, unataka kuolewa tena?" Asubuhi ya kipimo kichwa kilikuwa kinazunguka, lakini namba ilitoka tano nukta nane. Nimefaulu!

Yule binti hakufurahi kama nilivyofurahi mimi. Aliniangalia gauni lilivyonipwaya, akasema, "Mama, namba hii ni ya asubuhi ya leo. Kuna kipimo kingine kinachoonyesha damu yako ilivyokuwa miezi miwili mitatu iliyopita. Kiko hospitali kubwa, nenda." Akaniandikia karatasi. Nimeitia kwenye kopo la vifungo. Nimeshafaulu, nirudie mtihani wa nini?

Ila wewe, baba. Ulipokuja mara ya mwisho ulimaliza mtungi wa maji peke yako. Nilicheka siku ile. Sasa sicheki. Umewahi kupimwa? Nijibu.

Mama yako.


Tarehe 2 Machi

Mama yangu mpenzi,

Salamu zimefika, na za paka pia. Barua ilikuja imelowa, lakini maneno yako hayafutiki kirahisi. Mimi mzima kabisa. Mwambie shangazi nimeyakumbuka hata matusi yake. Chechele mpe hongera, na avae viatu vyake. Mpishi, huyu ninayekaa naye chumba kimoja, anawasalimu wote. Anapika kantini ya kazini kwetu mchana kutwa, akirudi chumbani hataki kuona sufuria, kwa hiyo anayempikia Mpishi ni mimi.

Kiu ni joto tu, Mama. Ghala letu lina paa la bati, humo ndani ni kama kukaa ndani ya birika. Kila mtu anakunywa maji. Na ukinywa lazima utoe, au vipi? Mpishi ananiita Bomba, maana naamka kila mara kwenda chooni. Utani tu.

Nina habari njema. Nimekuwa kibarua muda wote huu, unajua. Sasa wanataka kunipa kazi ya kudumu, niendeshe lile gari la kunyanyulia mizigo. Tunaliita Ng'ombe kwa sababu lina pembe mbili mbele. Nimelijua vizuri, nalizungusha mahali ambapo wenzangu wanaomba njia.

Lakini kabla ya kusaini ni lazima daktari wa kampuni atupime. Macho, masikio, presha, na sukari, asubuhi bila kula. Watu wanasema ukikutwa na sukari unashushwa kwenye Ng'ombe. Kuna mzee mmoja alikuwa dereva, akakutwa nayo, siku ya pili yake tukamwona anafagia. Sasa hivi hakuna anayemwita kwa jina, ni Mzee Ufagio tu.

Mimi sina hofu. Lakini hebu niambie, Mama, ile wiki ya matango ulifanyaje hasa? Nauliza tu.

Mwanao.


Tarehe 25 Machi

Mwanangu,

Nakusalimu sana. Tuko salama. Shangazi yako ana mafua lakini sauti haijapungua. Dada yako na Chechele wako vizuri. Chechele siku hizi ndiye anayenitungia uzi kwenye sindano, anasema, "Bibi, tundu hili hapa, mbona unatia uzi hewani?" Mtoto mwerevu akitaka. Mimi sijambo.

Nimefurahi kwa kazi, nimefurahi mpaka nikasimamisha cherehani nikakaa tu. Baba yako alikufa kibarua. Kila asubuhi alikuwa anasimama getini kuona kama watamchagua. Nilikuwa namwona anavyoweka mabega nyuma ili aonekane ana nguvu, mguu umefungwa kitambaa ndani ya kiatu. Sitaki wewe usimame kwenye geti la mtu.

Kwa hiyo sikiliza. Fanya kama mtu anayejua mgeni anakuja. Hakuna mgeni anayekuta nyumba yangu chafu, hata kama jana yake ilikuwa jaa. Unafagia, unapiga deki, vitu unavisukuma chini ya kitanda, mgeni anakaa, anasifu, anaondoka. Sasa wewe wiki nzima kabla ya siku yenyewe acha sukari, acha soda, acha mkate, acha wali na viazi. Kula mboga, kula matango, mayai kidogo. Jioni kabisa usile. Tembea mpaka jasho likutoke. Maji kunywa mengi. Ukisikia kizunguzungu kaa chini, kitapita, mimi kilinipita. Siku ya kupimwa nenda mapema, usibishane na mtu, hasira nazo zinapandisha.

Dada yako nilimdokezea, akanijia juu. "Mama, kipimo si mtihani! Daktari si mwalimu wa zamu umfiche!" Nikamwambia wewe unafuta madawati ya shule, usinifundishe shule. Amenuna toka jana. Wewe usimwandikie habari hizi.

Ukishasaini, ukishakuwa kwenye Ng'ombe wako, basi utaenda upimwe tena taratibu, bila presha ya mtu. Kwanza kazi.

Niandikie ukifaulu.

Mama yako.


Tarehe 6 Mei

Mama, mwalimu wangu,

Salamu kwa wote, nikianza na shangazi ili asinirushie kitu. Mimi mzima, na sasa ni dereva!

Nimefaulu. Sita kasoro. Nilifanya kama ulivyosema, na zaidi kidogo. Mpishi alikuwa analeta wali wa kantini ananipitishia puani makusudi. Siku ya mwisho nilipanda ngazi za ghala nikaona kuta zinakuja kuniamkia. Lakini nilifaulu, na nimesaini, na wamenipa sare na buti mpya za chuma mbele. Hata kontena likidondoka vidole viko salama, ndivyo walivyotuambia.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, haongei sana. Aliangalia ile namba, akaniangalia mimi, akasema, "Umepungua uzito?" Nikasema ni kazi. Akasema, "Kinywa chako kikavu sana." Nikasema ni joto. Akauliza kama kwetu kuna kisukari. Nikasema hakuna.

Usinikasirikie. Ningesema nini?

Akasema, "Sina sababu ya kukuzuia leo. Lakini rudi nikupime kile kipimo cha miezi mitatu, hicho huhitaji hata kufunga." Nimesema nitarudi. Nitarudi.

Buti zinabana kidogo lakini sizisikii. Yaani siku hizi miguu yangu ya ajabu, Mama, nikiwa peku naona kama nimevaa soksi. Mpishi anasema ni mimi nimeshakuwa bosi, hata miguu inavaa yenyewe.

Kijana wako wa kazi ya kudumu.


Tarehe 29 Mei

Mwanangu,

Salamu. Wote wazima.

Hayo maneno ya soksi nimeyasoma, nikayarudia, nikaweka barua chini nikaenda kuteka maji, nikarudi nikayasoma tena. Wewe ulikuwa mdogo, hukumbuki. Baba yako alikaa pale kizingitini, akajipapasa nyayo, akaniambia, "Mama Dereva" (alikuwa anakuita Dereva kwa sababu ya kusukuma kile kigari chako cha kopo), "nani kanivisha soksi?" Nilicheka. Hapo hapo kizingitini, mwanangu, nilicheka. Baada ya hapo kilikuja kidonda ambacho hakijulikani kilitoka wapi, wala yeye hajui alijikwaa wapi. Halafu madaktari wakasema wakate mguu, akakataa. Alisema amekuja duniani na miguu miwili ataondoka nayo miwili.

Nenda kwa yule daktari. Acha matango, acha kufunga, nenda ulivyo, na chai yako tumboni. Mwambie kwetu ipo. Mwambie mama alikuwa na kumi na mbili kidoleni, mwambie baba alikufa nayo. Kama watakushusha kwenye Ng'ombe wakushushe. Utafagia. Hakuna ubaya kufagia, dada yako anafagia.

Vua hizo buti kila jioni uangalie nyayo. Uangalie kwa macho, usingoje zikuume. Kama huoni chini ya mguu mwambie Mpishi akuangalie. Ataona aibu, lakini ataangalia.

Unaniuliza na mimi kama nimekwenda kupima kile cha pili. Hukuuliza, lakini najua ungeuliza. Nitakwenda. Tufanye hivi, wewe nenda na mimi niende, kila mtu amwandikie mwenzake.

Jibu upesi.

Mama yako.


Tarehe 12 Julai

Mwanangu,

Hujanijibu. Nimehesabu posta, nimehesabu mvua, nimehesabu uvivu wako, bado barua ingekuwa imefika.

Nilimwomba shangazi yako simu. Nikapiga Jumapili, nikijua hufanyi kazi Jumapili. Akapokea Mpishi. Nikamwambia nipe mwanangu. Akasema, "Yuko kazini, Mama." Nikasema Jumapili? Akasema, "Wamemwongezea zamu." Nikamuuliza, "Mpishi, baba, unanidanganya?" Akasema mtandao mbaya, ikakatika. Shangazi yako aliyesikia yote kwa sauti ya juu hakusema neno. Unamjua shangazi yako. Yeye kunyamaza! Ndipo nikachukua kalamu.

Sijui unanificha nini, lakini najua unanificha, kwa sababu hiyo kazi ya kuficha umeisoma kwangu.

Sitagomba. Niandikie hata mstari mmoja.

Mama.


Tarehe 3 Agosti

Mama,

Huu mwandiko si wangu, ni wa Mpishi. Mkono wangu wa kulia una dripu, na macho yanaona ukungu, herufi zinakimbiana. Yeye anaandika, mimi nasema, na barua ataituma kwa basi ifike kesho. Anakuomba msamaha kwa ile simu. Nilimkataza kusema.

Mimi sijambo sana. Niko hospitali.

Ilikuwa hivi. Tulipakua mzigo wa vitanda vya chuma, skrubu zimezagaa chini. Mimi nikaenda na kazi yangu, nikashuka kwenye Ng'ombe, nikapanda, nikashuka, kutwa nzima. Jioni navua buti, soksi ina damu. Mpishi akaigeuza buti, akaitikisa, haikutoka kitu. Akaangalia soli. Skrubu ilikuwa imeingia kutoka chini, imesimama ndani ya buti kama mshumaa. Nimetembea juu yake siku nzima, Mama. Sikusikia. Chuma waliweka mbele tu, kwenye vidole. Chini hawakuweka.

Nikaosha na maji ya chumvi nikaendelea na kazi. Barua yako ya soksi ilikuwa chini ya mto. Nilikuwa naisoma, halafu nasema kesho. Mguu ukavimba, ukanuka, nikaanza homa. Mpishi ndiye aliyenibeba mgongoni mpaka barabarani, mtu asiyetaka hata kubeba sufuria. (Amekataa kuandika hili, nimemlazimisha.)

Walinipima sukari, mashine haikutoa namba, iliandika tu kwamba iko juu mno. Wakapima kile cha miezi mitatu. Asilimia kumi na mbili. Daktari hapa anasema ikifika sita na nusu tayari ni ugonjwa. Akaniuliza, "Ulipimwa lini mara ya mwisho?" Nikasema mwezi wa nne, nikafaulu. Akasema, "Ulifaulu nini?" Akaniangalia sana, akasema, "Huu haukuanza jana wala mwezi wa nne. Nani alikufundisha kufunga namna hiyo?" Nikasema nilijifundisha mwenyewe.

Vidole viwili vya mguu vimeshakatwa. Sasa wanasema uozo unapanda, na dawa peke yake haiushiki. Wanataka kukata chini ya goti. Nimewaambia wangoje niongee na mama yangu. Daktari anasema kungoja kwangu ndiko kunakokula mguu. Nimesema hata hivyo wangoje. Nawaza maneno ya Baba.

Jambo moja la kuchekesha. Mzee Ufagio alikuja kunitazama. Ananiambia alifagia miezi kadhaa tu, wakampa dawa, sukari ikatulia, daktari wa kampuni akampitisha tena. Ndiye anayeendesha Ng'ombe wangu sasa. Alileta machungwa, halafu akakumbuka, akayala mwenyewe mbele yangu. Tulicheka kidogo.

Usije, Mama. Barabara ndefu na wewe macho yako.

Najua kuhusu macho yako. Mtu hawezi kutungiwa uzi na Chechele akawa sawa.

Mwanao.


Tarehe 9 Agosti

Mwanangu, baba, Dereva wangu,

Sitakuandikia kwamba sote wazima. Nitawataja mmoja mmoja kama walivyo.

Shangazi yako hali wala hanywi. Tangu barua ije anakaa jikoni anachambua mchele ule ule. Jana aliniambia, "Wifi, kaka yangu nilimwambia asikubali kukatwa. Mimi ndiye niliyemwambia." Miaka yote hii hakulisema. Dada yako hakulia, amekwenda moja kwa moja kuomba ruhusa kazini, na ndiye anayekuletea barua hii kwa mkono. Chechele amefunga viatu vyake vizuri siku zote hizi, sijui kaambiwa na nani. Mimi nina kisukari.

Nimekwenda. Nilitoa ile karatasi kwenye kopo la vifungo, nikanywa chai yangu na sukari yake, nikaenda hivyo hivyo. Wametoa damu mara mbili, siku mbili tofauti. Cha miezi mitatu kimesema nane na nusu, na cha kufunga, safari hii sikufagia, kimesema tisa. Wameniangalia na macho kwa taa. Wanasema ndani kumevuja damu kidogo, lakini nimewahi, naweza kuokoa kilichobaki. Nimepewa vidonge. Yule binti wa kwenye bomba alikuwepo siku ile. Nikamwambia, "Binti, ile namba nzuri niliitafuta kwa wiki nzima ya matango." Akasema, "Nilihisi, Mama." Nikamwambia hiyo wiki nimemfundisha na mtu mwingine. Akanishika mkono, hakuniuliza ni nani.

Nilikwambia habari ya mgeni na nyumba. Hiki kipimo cha pili si mgeni, baba. Ni mwenye nyumba. Hakai sebuleni kusifu, anakwenda moja kwa moja kuinama chini ya kitanda.

Sasa nisikie vizuri, na Mpishi kama ndiye anayekusomea, asome polepole, asiruke.

Kwanza, mwambie daktari nani alikufundisha. Usinifunike. Mwambie ni mama yangu, fundi cherehani, na anwani yangu mpe. Mwambie yote, kiu, maji, soksi, tangu lini, ili ajue anatibu nini. Akitaka kunitukana, dada yako atanipa salamu zake.

Pili, wakate.

Kabla ya kuliandika hilo neno nimechana karatasi tatu. Nilijaribu kukupigia, nikasikia unavyopumua kwenye simu, nikalia mpaka shangazi yako akaninyang'anya. Ndiyo maana naandika. Unasema unawaza maneno ya baba yako. Mimi nilikuwepo. Ni kweli aliondoka na miguu yote miwili. Mimi ndiye niliyeikosha kabla hajazikwa. Sikuona ilikomfikisha.

Wewe nilikuzaa na miwili, nakupa ruhusa ubaki na mmoja. Kama kuna mtu atakayetaka kulaumu kwa ule mwingine, mwache mtu huyo anilaumu mimi, nitamjibu. Wewe kazi yako ni kubaki. Nitashona suruali zako zote upya, mguu mmoja mfupi, na pindo litakaa vizuri kuliko la mtu mwenye miwili. Nimeanza na ile ya kijivu uliyoiacha. Chechele katunga uzi, mimi nimekata. Nilikata kitambaa kwanza ili nijue kama naweza.

Dada yako anaondoka na gari la alfajiri. Mimi wamenizuia mpaka sukari itulie, lakini nikiruhusiwa tu nakuja, macho yawepo yasiwepo. Sikia atakachosema dada yako, na usimwambie arudi kesho, kwa sababu kesho yetu imeshatumika.

Nasubiri jibu. Si la posta, sina muda wa posta. Piga simu ya shangazi yako, weka hiyo sauti ya juu, mtaa mzima usikie, fundi viatu naye asikie, sina tena cha kuficha. Piga leo leo, ukimaliza kusikia barua hii. Na usianze kwa kuniambia mimi mzima, Mama. Anza na mguu. Niambie umekubali, niambie ni saa ngapi wanakuingiza, niambie namba ya sukari ya asubuhi ya leo, iwe iliyo. Halafu, ukishamaliza hayo yote, kama sauti itabaki, ndipo unisalimu.

Mama yako.